Leza, mawimbi ya redio, povu, gundi au kisu: tiba za vena varikosi zikilinganishwa kwa damu iliyomo ndani ya mshipa

Tiba za vena varikosi, yaani mishipa ya kurudisha damu iliyotanuka na kujipinda miguuni, zinapolinganishwa, kinachotajwa kwanza ni asilimia ya mishipa iliyoziba. Asilimia hizo ni halali, lakini hazielezi kwa nini mishipa miwili iliyotibiwa kwa njia ileile, mmoja hukauka moja kwa moja na mwingine hupitisha damu tena baada ya miezi sita. Mara nyingi jibu liko kwenye damu yenyewe: ilikuwamo kiasi gani wakati ukuta unaunguzwa, ilikuwa ikipita au imetulia, na nini kilibaki ndani kazi ilipokwisha. Hapa njia hizo zinapimwa kwa kipimo hicho.

Mshipa unaozungumziwa zaidi ni safena kubwa, ile vena inayopanda upande wa ndani wa mguu kutoka kwenye kifundo hadi kwenye kinena, ambako humwaga damu yake kwenye vena ya kina ya paja.

Damu inavyouharibu ukuta kabla ya tiba

Ukuta wa vena una matabaka matatu: utando wa ndani wa seli bapa zinazogusana na damu, tabaka la kati la misuli laini na kolajeni, na ganda la nje. Seli za ndani huhisi jinsi damu inavyopita. Damu ikienda upande mmoja bila kusita, seli hutoa nitriki oksidi na kemikali nyingine zinazozuia kuganda. Ikituama, au ikipanda na kurudi, seli hubadilika: chembe nyeupe hunata ukutani, vimeng'enya humega kolajeni na elastini, na mshipa hutanuka. Ukitanuka, vali (vilango vya ndani vinavyozuia damu kurudi chini) hazikutani, na damu inayorudi chini huzidi. Huo ni mzunguko unaojilisha wenyewe.

Mtu akisimama bila kutembea, shinikizo ndani ya vena za kifundoni hufika karibu 80 hadi 90 mmHg. Akitembea, misuli ya kigimbi hukamua damu kwenda juu na shinikizo hushuka chini ya 30. Vali zikiwa zimeharibika, halishuki hivyo hata akitembea siku nzima, na hapo ngozi ya karibu na kifundo huanza kuwa nyeusi, kukakamaa na hatimaye kupasuka kidonda. Kwenye ultrasaundi, damu ya safena ikirudi chini kwa zaidi ya nusu sekunde huhesabiwa kuwa ni ugonjwa. Kipimo hicho hufanywa mgonjwa akiwa amesimama. Aliyepimwa akiwa amelala tu ana haki ya kuomba kipimo kirudiwe.

Kuziba kwa kovu na kuziba kwa donge

Hili ndilo jambo la kulielewa kuliko yote. Mshipa uliotibiwa unaweza kuziba kwa namna mbili. Ya kwanza: ukuta umeumia hadi tabaka la kati, pande zake zimegusana, na nafasi ndogo iliyobaki inajazwa na kovu. Ya pili: utando wa ndani peke yake ndio ulioungua, na nafasi kubwa ya katikati imejaa damu iliyoganda. Siku ya kwanza, kwenye ultrasaundi, zote mbili zinasomeka "mshipa umeziba". Tofauti hujitokeza baadaye. Mwili una vimeng'enya vya kuyeyusha donge la damu, na donge nene lisiloshikamana vizuri na ukuta huachia mwanya. Damu ikipata mwanya huo, kila mgonjwa anaposimama shinikizo lote la safu ya damu huusukuma, na mwanya hugeuka njia.

Kwa hiyo swali la kumuuliza anayependekeza tiba yoyote si "inaziba kwa asilimia ngapi?" tu. Muulize pia mshipa utaondolewaje damu kabla ya kuunguzwa.

| Njia | Kinachouumiza ukuta | Damu ikibaki ndani |
|---|---|---|
| Leza | joto la ncha ya uzi wa mwanga | hunyonya nishati, huungua na kuacha donge |
| Mawimbi ya redio | mguso wa kipande chenye nyuzijoto 120 | hupoza kipande, ukuta hauivi vya kutosha |
| Povu | dawa inayoyeyusha seli za ndani | protini zake huizima dawa |
| Gundi | kubandikwa, kisha uvimbe wa mwili wenyewe | gundi hushika damu badala ya ukuta |
| Kuchomoa | mshipa wote hutolewa | huvilia ndani ya handaki lililoachwa |

Leza

Uzi wa mwanga huingizwa kupitia sindano karibu na goti au chini yake, husukumwa hadi sentimita 2 hivi kabla ya makutano ya kinenani, kisha huvutwa polepole ukiwa umewashwa. Kipimo kinachotajwa na wataalamu ni jouli kwa kila sentimita. Mashine ikiwekwa wati 10 na uzi ukivutwa sentimita 1 kwa sekunde 7, hizo ni jouli 70. Kwa safena, wengi hufanya kazi kati ya 60 na 80. Leza mpya hutumia pungufu ya hapo.

Damu inaingiaje? Leza za zamani, zenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 810, 940 na 980, hunyonywa sana na hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu. Zile za nanomita 1470 hunyonywa zaidi na maji, ambayo yamo kwenye ukuta wenyewe. Lakini hata damu ni maji kwa sehemu kubwa, hivyo leza ya 1470 ndani ya mshipa uliojaa damu ni sawa na kupiga pasi nguo iliyolowa: joto linakwenda kwenye maji kwanza. Damu huchemka, mapovu ya mvuke huruka mbele, na masizi hujikusanya kwenye ncha ya uzi. Ncha yenye masizi huwa ya moto kupita kiasi mahali padogo, na ikigusa ukuta huutoboa. Matundu hayo ndiyo chanzo cha damu kuvilia na cha maumivu ya kuvuta pajani. Uzi unaosambaza mwanga kwa mzunguko, badala ya kuutoa mbele tu, hupunguza sana tatizo hili. Kama kuna chaguo kati ya uzi wa ncha wazi na wa mzunguko, chagua wa mzunguko.

Kinachoondoa damu hasa ni maji ya ganzi yanayozungushiwa mshipa kwa sindano chini ya ultrasaundi: dripu ya chumvi yenye lidokaini ya takriban 0.1%, adrenalini kidogo na sodiamu baikaboneti ya kupunguza mwasho. Kawaida ni kama mililita 10 kwa kila sentimita ya mshipa, yaani karibu mililita 400 kwa safena ya sentimita 40. Maji haya hufanya kazi tatu kwa mpigo: huondoa maumivu, huusukuma mshipa mbali na ngozi na neva (angalau sentimita 1 kutoka kwenye ngozi), na huubana mpaka ukuta uukumbatie uzi. Adrenalini nayo huufanya mshipa ujikaze. Kwenye picha, mshipa uliokuwa duara jeusi huonekana kama jicho lililofumba, uzi uking'aa katikati yake, na maji yameuzunguka pande zote. Mahali ambapo duara jeusi bado lipo, panahitaji maji zaidi kabla leza haijawashwa. Kuinamisha kitanda ili miguu iwe juu ya kichwa humalizia kazi.

Anayefanya haraka huacha sehemu mbili bila maji ya kutosha: karibu na kinena, kwa kuogopa vena ya kina, na pale penye uvimbe mkubwa wa mshipa. Ndizo sehemu zinazohitaji maji hayo kuliko nyingine zote.

Mawimbi ya redio

Ganzi ni ileile na matayarisho ni yaleyale. Tofauti ni kwamba katheta, mrija mwembamba unaoingizwa ndani ya mshipa, ina kipande cha sentimita 7 kinachopashwa joto hadi nyuzi 120 kwa sekunde 20, kisha huvutwa hadi kipande kinachofuata. Sehemu ya kwanza, karibu na makutano, hupashwa mara mbili. Kasi ya mkono wa daktari haina nafasi hapa, na hiyo ni faida kubwa: majeraha ya ukuta hulingana kutoka juu hadi chini, na matundu ni nadra. Ndiyo sababu maumivu na damu kuvilia wiki ya kwanza kwa kawaida ni pungufu kuliko kwa leza ya uzi wa ncha wazi.

Udhaifu wake ni kwamba joto hupita kwa kugusana tu. Damu inayotiririka kando ya kipande hukipoza kama maji kwenye rejeta ya gari yanavyopoza injini. Mashine yenyewe hutoa habari hii kwa anayeiangalia: mshipa ukiwa umebanwa vizuri, nguvu inayohitajika kushikilia nyuzi 120 hushuka ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kuwa juu, damu bado inapita. Dawa yake ni kukandamiza kwa kichwa cha ultrasaundi juu ya kipande, kuongeza maji ya ganzi, na kurudia sekunde 20 hizo. Mshipa uliopinda sana hauingiliki kwa katheta hii, kwa kuwa kipande cha sentimita 7 hakikunjiki.

Povu

Dawa (polidokanoli ya 0.5% hadi 3%, au sodiamu tetradesili salfeti) hugeuzwa povu kwa mabomba mawili ya sindano yaliyounganishwa na kiungo chenye njia tatu: sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 4 za hewa, ikipitishwa huku na huku mara 20 hivi. Povu hutumika ndani ya dakika moja, maana halikai muda mrefu kabla ya kuachana na maji yake.

Kwa nini povu na si maji matupu? Kwa sababu ya damu. Dawa hizi ni za jamii ya sabuni, na protini za damu huzinasa na kuzizima upesi. Dawa ya maji huchanganyika na damu na kufa. Povu huisukuma damu mbele yake na kubaki limegusa ukuta. Lakini husukuma hadi kiwango fulani tu, na hesabu yake ni rahisi. Safena ya milimita 5 yenye urefu wa sentimita 40 hubeba kama mililita 8 za damu. Ya milimita 10, urefu uleule, hubeba kama mililita 31. Mwongozo wa Ulaya unapendekeza povu lisizidi mililita 10 kwa mara moja. Kwenye mshipa wa kwanza povu linatosha kujaza. Kwenye wa pili litaelea upande wa juu kwa kuwa ni jepesi, litaunguza nusu ya ukuta, na nusu ya chini itabaki chini ya damu, salama salimini.

Mguu ukiinuliwa kabla ya sindano, mshipa hupungua ujazo sana, na hilo ndilo linalofanya povu lifae hata pale hesabu inapolikataa kidogo. Baada ya sindano, dalili njema kwenye ultrasaundi ni mshipa kujikaza mbele ya macho. Usipojikaza, donge linatarajiwa.

Hata likifanya kazi vizuri, jeraha la povu ni la utando wa ndani zaidi kuliko tabaka la kati. Kuziba kwake hutegemea donge kuliko joto linavyotegemea, ndiyo maana mishipa mingi hufunguka na hutibiwa tena. Jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2015 liliwafuatilia wagonjwa miaka 5: safena ilikuwa haipo au imeziba kwa 85% ya waliofanyiwa upasuaji, 77% ya waliopata leza ya zamani ya nanomita 940, na 23% tu ya waliopata povu. Tofauti ya leza na kisu si kubwa. Ya povu haifichiki. Jaribio jingine, la Uingereza, lenye watu 798, lilionyesha mwaka 2019 kwamba baada ya miaka 5 hali ya maisha ya waliofanyiwa leza au kisu ilikuwa bora kuliko ya waliopata povu.

Usilitupe povu kwa hayo. Kwa mishipa iliyopinda, matawi madogo, na mishipa iliyorudi baada ya upasuaji, linafika mahali ambapo uzi na katheta haviwezi. Na mgonjwa mzee mwenye kidonda, asiyeweza sindano nyingi za ganzi, hupata nafuu kwa sindano moja au mbili. Mwenye kipandauso chenye dalili za macho, au aliyewahi kuona giza baada ya povu, amwambie daktari mapema.

Kuna njia ya kati inayotumia waya unaozunguka kwa kasi ndani ya mshipa huku dawa ikimwagwa. Waya hukwangua utando na kuufanya mshipa ujikaze, hivyo damu hupungua bila maji ya ganzi. Inaumiza kidogo, ila mishipa mingi zaidi hufunguka baadaye kuliko kwa joto.

Gundi

Sianoakrilati, ndiyo gundi inayotumika, huganda mara inapokutana na damu au unyevu wa ukuta. Tone la kama mililita 0.1 huwekwa sentimita 5 kabla ya makutano, la pili sentimita 1 chini yake, kisha mshipa hukandamizwa dakika 3. Baada ya hapo ni tone moja kila sentimita 3, na sekunde 30 za kukandamiza. Hakuna maji ya ganzi, hakuna joto, na neva za kigimbi haziko hatarini. Hiyo ni sababu nzito ya kuichagua kwa mshipa ulio chini ya goti.

Damu huondolewa kwa mkono unaokandamiza, basi. Anayekandamiza legelege huacha kipande cha gundi kinaelea katikati ya damu, na pembeni yake mwanya. Kwenye jaribio la Marekani lenye wagonjwa 222, miezi 3 baada ya tiba gundi iliziba 99% na mawimbi ya redio 96%, kwa hiyo ikifanywa vizuri haina upungufu. Gharama yake kwa mwili ni nyingine: gundi haitoki. Mwili huizingira kama kitu kigeni, na baadhi ya wagonjwa hupata wekundu na mwasho unaofuata mstari wa mshipa, kwa kawaida wiki ya kwanza au ya pili. Mwenye mzio wa gundi za kucha au kope za bandia asiikubali.

Kisu

Kuufunga mshipa kinenani na kuuchomoa huondoa swali la ukuta kupona, kwani ukuta haupo. Kinachobaki ni handaki linalovuja damu kutoka kwenye matawi yaliyokatika, na kinenani vishipa vipya vinavyoota kwenye kovu na kuirudisha damu chini. Bado ni njia ya kuaminika pale mshipa ni mpana mno, umejipinda juu ya ngozi, au vifaa vingine havipo. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 unaweka joto kwanza, kisha povu, kisha kisu.

Damu unayoitaka ipite

Hadi hapa damu imekuwa adui. Ndani ya vena ya kina ni rafiki, na kazi ya wiki za mwanzo ni kuifanya ipite kwa nguvu. Ile sentimita 2 inayoachwa kinenani haiachwi kwa woga: kishipa kutoka ukuta wa tumbo huingia hapo, na damu yake huusafisha mdomo wa mshipa. Ukiuziba mdomo wote, donge hutuama mlangoni na linaweza kuchungulia kwenye vena ya kina. Likiishia kwenye makutano, huachwa. Likiingia chini ya nusu ya upana wa vena ya kina, huangaliwa kwa ultrasaundi hadi lirudi nyuma. Likizidi nusu, mgonjwa huanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda.

Kutembea mara tu baada ya tiba ni sehemu ya tiba. Nusu saa ya kwanza kabla ya kuondoka, kisha mara kadhaa kila siku. Kusimama wima kwa saa nyingi ni kubaya kuliko kukaa, maana kunarudisha zile 80 hadi 90 mmHg juu ya jeraha bichi. Kigimbi kikivimba upande mmoja na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo.

Soksi za kubana hupunguza maumivu siku za mwanzo, hasa baada ya leza. Ila soksi ya kawaida haina nguvu ya kuufunga mshipa wa pajani mtu akiwa amesimama. Anayetaka ubanwe kweli, kama baada ya povu kwenye mshipa mnene, huwekewa kipande cha sponji kilichokunjwa juu ya mstari wa mshipa, chini ya soksi.

Baada ya joto, maumivu ya kuvuta hufika kilele karibu na siku ya tano hadi ya saba, kisha hushuka. Mshipa hugeuka kamba ngumu, na ndani ya miezi 6 hadi 12 mara nyingi hauonekani tena. Baada ya povu, ukipapasa uvimbe mgumu wenye kuuma wiki ya pili hadi ya nne, hiyo ni damu iliyonaswa. Isiachwe: hutobolewa kwa sindano na kukamuliwa, ikitoka nyeusi na nzito. Ikiachwa, chuma chake hubaki kwenye ngozi kama mstari wa kahawia kwa miezi, na pengine mshipa hufunguka.

Kuchagua kwa mguu ulionao

Safena iliyonyooka, ya milimita 5 hadi 12, juu ya goti: mawimbi ya redio au leza ya 1470 yenye uzi wa mzunguko, na tofauti kati yake ni ndogo kuliko tofauti kati ya mkono wa daktari mmoja na wa mwingine. Mpana zaidi ya hapo: joto bado, mradi mtu aone kwenye skrini kwamba umebanwa kweli, la sivyo kisu. Mshipa ulio chini ya goti karibu na neva, au mgonjwa asiyevumilia sindano nyingi: gundi. Matawi yaliyopinda na mishipa midogo: povu. Mwenye kidonda kifundoni asisubiri kidonda kifunge kwanza. Jaribio la Uingereza la mwaka 2018 lenye watu 450 lilionyesha kwamba waliotibiwa mshipa ndani ya wiki 2 nusu yao walikuwa wamepona kidonda kufikia siku ya 56, na nusu ya waliocheleweshwa kufikia siku ya 82.

Mshipa uliofunguka tena usirudiwe kwa njia ileile kabla ya kujua damu iliingilia wapi. Kama ni kutoka juu, kinenani, joto linaweza kurudiwa. Kama ni kishipa cha pembeni kinachotoka kwenye vena ya kina katikati ya paja, hicho ndicho cha kufungwa, na povu kidogo likiongozwa na ultrasaundi kwa kawaida hutosha.